Ghorofa ya Chini

KISU kiligusa ghorofa ya chini.

Si ya juu, msomaji wangu. Ya chini! Ile ile ambayo tangu asubuhi Vanila alikuwa akiomba isikaribiwe na kitu chochote chenye makali.

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa samaki kabla hujalisoma, sina kinyongo nawe. Vanila ni mwoka keki. Hana duka wala kibao barabarani. Ana jiko la nyumbani, oveni moja yenye mlango unaofungwa kwa kamba, na sifa inayotembea yenyewe mtaani. Shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea na kumfundisha kuchapa siagi na sukari mpaka ziwe nyeupe. Leo Shangazi ametimiza miaka sabini. Sebule imejaa wageni, na katikati imesimama keki ya ghorofa mbili, nyeupe, imezungushiwa mawaridi ya sukari.

Ghorofa ya juu ni keki. Ya chini ni lile povu gumu linalokinga televisheni mpya ndani ya boksi. Limekatwa duara, limevalishwa sukari, likapendeza kuliko hata keki.

Waoka keki wanalo povu hilo la kuweka dirishani, wateja waone mapambo. Hakuna dhambi hapo. Dhambi ni kumletea Shangazi.

Keki halisi ya chini ilikuwepo, tena ilikuwa imeiva vizuri, yenye maganda ya chungwa yaliyokunwa kama Shangazi anavyopenda. Lakini asubuhi akaja mama mmoja analia mlangoni. Binti yake anaolewa, ghorofa ya chini ya keki yake imepasukia garini, na mumewe ni mtu mkubwa, atakaowaalika ni wakubwa wenzake. Vanila akaitazama keki ya Shangazi mezani. Kipimo kilikuwa kile kile.

"Shangazi ni mtu wa nyumbani," alijiambia. "Mtu wa nyumbani ataelewa."

Akampa yule mama.

Bado angeweza kuja na ile ndogo ya juu peke yake na kusema ukweli. Shangazi angemtania kidogo na mambo yakaisha. Lakini mwenye sifa zake aliona aibu kuingia na kikeki mbele ya wageni. Ndipo akalishusha povu kwenye dirisha la jiko lake.

Na sasa kisu kimegusa povu.

"Shangazi, ngoja!"

Vanila aliruka kiti cha mtu, akaudaka mkono wa Shangazi. Sebule nzima ikageuka.

"Kuna nini, mwanangu? Kuna nzi?"

"Hapana, Shangazi. Keki... keki inaanzwa juu. Ukianza chini, ya juu itakudondokea."

"Mwoka amepinga!" ilinguruma sauti kwenye maikrofoni. "Mwoka amepinga, waheshimiwa!"

Huyo ni Spika, mtoto wa pekee wa Shangazi. Wanamwita Spika kwa sababu tangu utotoni haongei, anatangaza. Leo amejipa kazi ya ushereheshaji, na maikrofoni haijamtoka mkononi tangu mgeni wa kwanza avue viatu.

Watu wakaangua kicheko. Shangazi naye akacheka, akamwegemea Vanila begani, na Vanila hakuwa na la kufanya ila kucheka naye. Wameshikana mikono, kisu katikati yao, wanacheka mbele ya keki. Ikumbuke picha hiyo, msomaji. Kicheko hicho kitawatokea puani.

"Na nani kasema naikata?" Shangazi aliuliza akijifuta machozi. "Mimi nilikuwa naionyesha tu. Jamani, nisikilizeni! Hii ya juu ni yenu, kuleni mpaka mjilambe. Lakini hii ya chini haikatwi na mimi. Ina mwenyewe."

"Nani huyo?" alidakia jirani wa nyumba ya pili, mama asiyekubali kupitwa na habari.

"Atakuja. Mtamwona."

Jirani akakaa, lakini shingo yake haikukaa.

Vanila alilirudia neno hilo moyoni. Ina mwenyewe! Maana yake haitakatwa hapa. Itabebwa nzima, na kabla huyo mwenyewe hajafika nayo popote, yeye atakuwa ameoka nyingine. Ghafla alijiona mtu mwenye bahati kuliko wote chumbani, akabeba ghorofa ya juu kuelekea jikoni karibu anacheza.

Furaha hiyo haikumaliza hata kukata keki.

Jikoni alichovya kisu kwenye maji ya moto, akakifuta, akaanza kukata vipande vyembamba vya kidole, kama wanavyofanya waoka keki, wageni wanapozidi. Kila mtu anapata, na kila sahani inaonekana imejaa. Mikono yake ilifanya kazi yenyewe. Kichwa kilikuwa kimeshafika nyumbani kinawasha oveni.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Ilikuwa ni picha kutoka kwa mama wa bi harusi. Sahani, mikono, midomo yenye makombo.

*Ile ya chini ndiyo iliyotumaliza!* yule mama aliandika. *Ulitia nini? Chungwa? Watu wanaulizia!*

Vanila aliitazama ile picha. Mzee mmoja aliyevaa suti alikuwa ameshika kipande cha keki ya Shangazi, mdomo umejaa, anacheka. Hamjui, hajawahi kumwona, na wala hatamwona. Yule ndiye aliyepewa. Akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza kana kwamba mzee yule angeweza kumwona.

"Unanificha nini?"

Alikuwa ni Shangazi, amesimama mlangoni.

"Hakuna, Shangazi! Kaa, nikupe kipande chako."

Alimchagulia kipande cha katikati, akakiweka kwenye sahani. Shangazi hakukila. Alichukua kitambaa cha karatasi, akakifunga vizuri na kukiweka kwenye mkoba wake.

"Nitakula naye akija," alisema. "Tulikubaliana kwenye simu kwamba tutakula pamoja."

"Nani, Shangazi?"

Shangazi alivuta stuli, akakaa. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtoto aliyeficha zawadi mgongoni.

"Wifi yangu," alisema. "Mama yako."

Kisu kilimponyoka Vanila kikalia kwenye sinki.

Hapa, msomaji, lazima nikurudishe nyuma kidogo, na nitafanya haraka.

Shangazi alipohamia nyumba hii, Vanila akiwa bado anavaa riboni za shule, watu walikuja na zawadi. Mama yake Vanila, ambaye ni fundi cherehani, alikuja na boksi kubwa kuliko yote, limefungwa karatasi ya rangi ya dhahabu. Akina mama wakapiga kelele lifunguliwe. Shangazi akalifungua pale pale sebuleni, mbele ya macho ya watu, na ndani akakuta magazeti yaliyokunjwakunjwa. Basi. Magazeti tu.

Kumbe shuka alizokuwa anamshonea wifi yake hazikuwa zimekwisha. Aliona aibu kuja mikono mitupu, akafunga boksi tupu kwa nia ya kuzileta shuka wiki inayofuata, kimyakimya. Hakujua kwamba zawadi zingefunguliwa hadharani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliyecheka sana alikuwa Shangazi mwenyewe, kwa kudhani ni utani. Mama yake Vanila alivaa viatu vyake, akatoka, na tangu siku hiyo hajakanyaga nyumba hii. Vanila alikulia kati ya nyumba mbili, analala kwa Shangazi na kumtembelea mama yake, anabeba salamu ambazo hakuna aliyemtuma.

Na sasa angalia alichofanya binti wa mama yule. Boksi tupu lingine, limefungwa vizuri zaidi.

"Nilimpigia mimi mwenyewe," Shangazi alisema. "Nikamwambia, wifi, nilikucheka mbele za watu na sijawahi kukuomba radhi. Njoo nikuombe mbele za watu. Akasema atakuja. Ile keki ya chini ni yake. Nataka aione, aikate, ajue kwamba katika nyumba hii hakuna tena anayemcheka."

"Aikate hapa?" Sauti ya Vanila ilitoka nyembamba.

"Au aende nayo kwake. Atachagua."

"Shangazi, kuna kitu nataka..."

"Ngoja, nimalize." Shangazi alimshika mkono wenye sukari. "Ulipoingia na keki hii leo, nilisema moyoni, huyu ndiye aliyeziba lile tundu. Mama yako alikuja na boksi, tukamcheka. Binti yake amekuja na keki, na hakuna wa kucheka. Umenipa kitu ambacho mimi nisingeweza kukinunua. Haya, ulikuwa unataka kusema nini?"

Ulimi ulimwia Vanila mzito. Neno lilikuwepo, lilifika mpaka kwenye meno. Povu. Neno fupi. Lakini vidole vya Shangazi vilikuwa vinamfuta sukari kiganjani, taratibu, kama alivyokuwa akimfuta wino alipotoka shule.

"Nilitaka kusema... hongera, Shangazi."

Mwoga mkubwa! Naam, nimemwita mwoga, na yeye mwenyewe alijiita vibaya zaidi. Shangazi alipotoka, Vanila aliegemea friji, akaona anajichukia kwa dhati. Si kwa ajili ya keki tena. Keki ni unga na mayai. Alijichukia kwa sababu asubuhi ile alipanga foleni ya watu wake moyoni mwake, na aliyemlea akamweka nyuma ya mzee mwenye suti.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Safari hii alikuwa Spika, tena bila maikrofoni. Jambo hilo peke yake lilitosha kumtia mtu hofu.

"Vanila," alinong'ona. Msomaji, Spika alinong'ona! "Nimeisogeza keki yako ili nipitishe waya."

"Na?"

"Nimeiinua kwa mkono mmoja. Kidogo niirushe darini. Mbona nyepesi kama mto?"

Vanila aliangalia kama mlango umefungwa. Macho yakamtoka Spika.

"Usiniambie."

"Ni povu."

"Yote?"

"Yote. Ile halisi nimempa mtu. Usiniulize nani, nitakueleza baadaye, utanipiga. Spika, mama anakuja. Shangazi kamwita."

Spika alijishika kichwa. Yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni wakati wa boksi, lakini hadithi aliikuta nyumbani kama samani.

"Akikata na kukuta povu," alisema polepole, "atasema mama yangu kamlipizia lile boksi."

"Najua."

"Atasema kamwita ili amcheke mara ya pili."

"Najua, Spika! Unafikiri najua nini kingine tangu nisimame hapa?"

Wakatazamana. Kisha Spika, ambaye watu humdharau kwa kelele zake, akaonyesha kwamba chini ya kelele kuna akili.

"Mama kasema lazima aikate hapa hapa?"

"Kasema anaweza kwenda nayo kwake. Atachagua."

"Basi tumchagulie sisi. Nitatangaza kwamba keki inaondoka nzima na mgeni wa heshima. Wewe utasema utaipeleka mwenyewe, isije ikaharibika njiani. Ukifika kwako unaoka nyingine, unampelekea hiyo. Nani atajua?"

Nani atajua! Vanila alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Lilikuwa zuri. Halikumdhuru mtu. Shangazi angefurahi, mama angekula keki ya kweli, na wao wawili wangekufa na siri yao. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Hivyo hivyo ndivyo mama yake alivyowaza alipokuwa analifunga lile boksi. Ataleta shuka wiki ijayo. Nani atajua?

"Sawa," alisema. "Tangaza."

Wakatoka na sinia. Wageni wakapokea vipande vyao, wakala, wakasifu. Jirani wa nyumba ya pili alifumba macho wakati anatafuna.

"Vanila, mikono yako haina mfano!"

Kila sifa ilimchoma. Alitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Hodi ikapigwa.

Ilikuwa hodi ndogo, ya mtu asiye na hakika kama atafunguliwa. Shangazi alimkataza kila mtu kuinuka, akaenda mwenyewe.

Mama yake Vanila alisimama kizingitini, amevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, limepigwa pasi hadi mishono. Mikononi alibeba boksi. Karatasi ya dhahabu ilikuwa imepauka na kona moja imebonyea, lakini waliokuwepo siku ile walilitambua mara moja. Lilikuwa lile lile.

Jirani wa nyumba ya pili akasimama aone vizuri.

"Wifi," alisema. "Nimechelewa kidogo."

"Karibu, wifi."

"Sitakaa mpaka ulifungue. Hapa hapa, watu wakiona."

Shangazi alilifungua. Ndani mlikuwa na shuka nyeupe mbili, pindo zake zimetariziwa maua madogo ya samawati, ua baada ya ua, kazi ambayo ukiitazama unaona macho ya mtu yalivyochoka. Chini ya shuka mlikuwa bado na magazeti ya wakati ule, yamegeuka rangi ya chai.

"Nilizimaliza wiki ile ile," mama yake Vanila alisema. "Nilikosa tu miguu ya kuzileta."

Shangazi alizika uso kwenye zile shuka, akalia waziwazi. "Nilikucheka, wifi. Nisamehe. Nilikucheka katika chumba hiki, na leo katika chumba hiki nakuomba radhi." Wakakumbatiana, boksi limebanwa kati yao. Watu wakapiga makofi. Jirani akapenga kamasi kwa sauti. Hata mimi ninayekusimulia nisingetaka kuendelea. Ningependa kufungia hapa, niwaache wamekumbatiana.

Lakini keki ilikuwa mezani.

Spika alinyakua maikrofoni. "Waheshimiwa! Keki hii sasa itaondoka nzima nzima na mgeni wetu wa heshima, mke wa marehemu mjomba wangu! Mwoka mwenyewe ataisindikiza! Makofi kwa..."

"Hapana," Shangazi alisema.

Spika akaishusha maikrofoni.

"Boksi limefunguliwa mbele ya watu. Na keki ikatwe mbele ya watu. Mimi nilisema achague, lakini sasa nasema ikatwe." Akakichukua kisu, akakigeuza, akampa wifi yake mpini. "Shika, wifi. Ni kazi ya mtoto wetu."

Mtoto wetu. Mama yake Vanila alimtazama binti yake juu ya keki, na machoni mwake mlikuwa na kitu ambacho Vanila hakuwahi kukiona. Alikuwa anaona fahari. Akainua kisu.

"Mama, usikate."

Hakupanga kulisema. Lilitoka lenyewe, kubwa, bila maikrofoni.

"Usikate, mama. Si keki. Ghorofa ya chini ni povu. Ile ya kweli niliioka, ilikuwa ya chungwa, ya Shangazi, lakini asubuhi nikampa mtu mwingine. Mtu mkubwa. Niliogopa kumkosa. Halafu nikaona aibu kuja na ndogo, nikaweka povu. Ni mimi. Ni mimi peke yangu."

Unaweza kudhani alipomaliza alijisikia mwepesi. Watu hupenda kusema hivyo. Sivyo. Alijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo.

Shangazi alimtazama tu Vanila, midomo imeachana kidogo, kama anayesubiri sehemu ya utani ambayo watu hucheka.

Mama yake Vanila aliweka kisu mezani. Alinyoosha kidole, akaisukuma ile sukari laini. Ikapasuka. Kidole kikazama, na alipokitoa kilikuwa kimegandwa na punje nyeupe nyepesi. Akazitazama. Akajaribu kuzipukuta, zikang'ang'ania.

"Wifi," alisema kwa upole wa kutisha. "Kumbe ulikuwa unasubiri zamu yako."

"Haki ya Mungu, wifi, sijui lolote! Ndiyo kwanza nasikia!"

"Hajui, mama!" Vanila alilia. "Shangazi hajui!"

Hapo ndipo jirani wa nyumba ya pili alipofungua mdomo. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Alikuwa tu anafikiri kwa sauti, kama alivyozoea.

"Lakini si ndiyo maana alikataa kuikata? Alisema mwenyewe, haikatwi na mimi, ina mwenyewe atakuja. Na kisu kilipogusa pale chini, mwoka akamdaka mkono, wakacheka. Wote tuliona. Walicheka sana."

Watu wakaangaliana. Mmoja akatikisa kichwa kukubali. Ni kweli, walicheka.

"Nilimzuia mimi!" Vanila alisema. "Nilimzuia kwa sababu mimi nilijua na yeye hakujua! Alikuwa anacheka mambo mengine!"

"Mambo gani?" mama yake aliuliza.

Vanila alifungua mdomo. Nzi. Kisu. Mwoka amepinga. Kila jibu la kweli lilisikika kama limetungwa papo hapo.

"Muulize Spika!" alisema.

Mama yake akamgeukia Spika. "Wewe ulikuwa unatangaza sasa hivi kwamba niondoke nayo nzima nzima. Ulijua?"

Spika aliitazama maikrofoni yake kana kwamba ingemjibia.

"Kwa hiyo mwanao alijua, binti yangu alijua, na wewe peke yako katika nyumba yako ndiye hukujua." Mama yake Vanila alianza kukunja zile shuka. Alizikunja vizuri, pindo kwa pindo, kama fundi, akazirudisha ndani ya boksi juu ya magazeti. "Nimekaa na shuka hizi miaka yote. Ningeweza kukaa nazo na mingine."

"Mama, tafadhali..."

"Wewe ulipolivalisha povu sukari, hata mimi niliyekuzaa nikaona keki. Niliona fahari, Vanila. Sasa unataka nikuamini kwa neno?"

Akalibeba boksi kwapani, akaelekea mlangoni. Watu wakampisha. Vanila alipiga hatua moja kumkimbilia, akasimama. Afanye nini? Amshike mkono? Mkono wake ndio ulioanza yote haya.

"Wifi."

Shangazi alikuwa amefungua mkoba wake. Alitoa kile kitambaa cha karatasi, akakifungua, na ndani yake kilikuwemo kile kipande cha kidole, kimelegea kidogo kwa joto. Hakuwa amekionja. Alikimega katikati kwa vidole vyake vya miaka sabini, makombo yakadondoka sakafuni, akavuka sebule hadi kizingitini na kunyoosha mkono.

"Tulikubaliana tutakula pamoja," alisema. "Mimi changu sijala. Nilikuwa nakungoja wewe."

Mama yake Vanila alisimama, mguu mmoja ndani ya kiatu. Alikitazama kile kipande kwa muda. Alikuwa na njaa ya kukipokea, kila mtu aliyekuwepo aliiona. Mkono wake uliinuka nusu, ukasita hewani, na vidoleni bado zilikuwa zimeganda zile punje nyeupe.

Kisha hakumtazama wifi yake. Alimtazama binti yake, kupita bega la Shangazi, kupita wageni wote na lile duara jeupe lenye tundu.

"Na hiki, mwanangu," aliuliza, "hiki nacho ni keki?"

Kilikuwa keki. Vanila alikioka kwa mikono yake mwenyewe. Wageni wote walikuwa wamekila na kumsifu. Lakini alipotaka kusema ndiyo, Shangazi naye aligeuka kumtazama, naye alikuwa anasubiri jibu lile lile.